Mchezo Usio na Watazamaji: Nafasi ya Mgeni katika Historia ya Michezo ya Kuvaa Uhusika

Mchezo wa kuvaa uhusika, ambao wachezaji wake wa Ulaya na Marekani huuita kwa mkato larpu, ni mchezo ambao watu hukusanyika msituni, kwenye ngome au hata katika ukumbi wa shule, kila mmoja akiwa amepewa mhusika au amejitungia wake, na kwa saa chache au siku kadhaa huzungumza, hutembea, hula na pengine kupigana kama mhusika huyo angefanya, pasipo maneno yoyote yaliyokaririwa. Unafanana na tamthilia kwa mavazi na uigizaji, na unafanana na michezo mingine kwa kuwa una kanuni na waamuzi, lakini unaachana na vyote viwili kwa jambo moja zito: hauna watazamaji. Aliyemo ndani ni mchezaji, na asiye mchezaji hana la maana atakaloliona, kwa sababu sehemu kubwa ya mchezo hutendeka katika mazungumzo ya pembeni, katika njama za watu watatu nyuma ya hema, na katika hofu ya mtu mmoja aliyeficha barua kifuani.

Kwa sababu hiyo historia ya mchezo huu haieleweki vizuri bila kumtazama mgeni. Kijana anayetaka kujua soka hukaa kando ya uwanja msimu mzima, akitazama na kuokota mipira iliyotoka nje, hadi jioni moja timu inapopungukiwa na mtu naye akaitwa. Lakini mchezo wa kuvaa uhusika hauna kando ya uwanja, na asiyejua kitu hulazimika kuingia moja kwa moja katikati ya wanaojua, akiwa amevaa nguo asizozizoea na akijibu kwa jina lisilo lake. Kila jumuiya iliyouanzisha mchezo huu ilibidi ibuni mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo. Masimulizi mengi ya historia hii hupenda zaidi kuhesabu makasri, umati na aina za panga, hali suala la mlango, yaani nani aliingia, kwa gharama gani na kwa kushikwa mkono na nani, ndilo linaloeleza kwa nini baadhi ya michezo ilidumu na mingine ikatoweka na waasisi wake.

Hamu ya watu wazima kujivika maisha ya zama zilizopita ni ya zamani kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1839, huko Ayrshire nchini Scotland, kabaila aliyeitwa Earl wa Eglinton aliandaa mashindano ya kupigana kwa mikuki juu ya farasi, kwa kuiga yale ya karne za kati, akichochewa na riwaya za Walter Scott, hususan Ivanhoe ya mwaka 1819, na pia na manung'uniko ya wenzake kwamba sherehe za kutawazwa kwa Malkia Victoria mwaka uliotangulia zilikuwa zimepunguzwa madoido ya kale ili kubana matumizi. Vijana zaidi ya mia moja wa tabaka la juu walijitokeza katika duka la Samuel Pratt, mfanyabiashara wa London aliyeuza deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, wakitaka kuandikishwa kuwa mashujaa. Walipofahamishwa bei ya deraya, ya farasi, ya mahema na ya wahudumu, wengi wao walikumbuka shughuli nyingine. Waliobaki walifanya mazoezi nyuma ya baa ya Eyre Arms, mtaa wa St John's Wood, na siku ilipowadia, mbele ya umati unaokadiriwa kufikia watu 100,000, mashujaa walioingia uwanjani hawakufika ishirini. Mvua kubwa ilinyesha, uwanja ukageuka tope, na magazeti yakapata kicheko cha wiki kadhaa kwa habari za mashujaa wa deraya na watazamaji wao wenye miavuli.

Mashindano ya Eglinton yalikuwa na watazamaji tele, kwa hiyo hayawezi kuitwa mchezo wa kuvaa uhusika kwa maana kamili, lakini yanadhihirisha kizingiti cha kwanza alichokutana nacho mgeni, nacho ni fedha. Kabla ya mtu wa kawaida kuingia, ilibidi pawepo namna ya kuwa shujaa bila kuwa tajiri, na hilo lilichukua zaidi ya karne.

Namna hiyo ilianza kuonekana Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966, pale wanafunzi na wapenzi wa hadithi za kubuni walipokutana uani kwa Diana Paxson, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akisomea karne za kati, wakapambana kwa panga za mbao na kumaliza siku kwa maandamano, nusu mzaha na nusu kweli, ya kuipinga karne ya 20. Mkusanyiko huo ulizaa Society for Creative Anachronism, chama ambacho leo kina matawi katika nchi nyingi na ambacho hugawa ramani ya dunia katika falme zake chenyewe. Mapigano yake hutumia fimbo za henzerani badala ya chuma, kwa kuwa henzerani ikichoka huchanika nyuzinyuzi na haivunjiki kwa ncha kali inayoweza kumchoma mtu. Wanazuoni hubishana kama chama hiki ni mchezo wa kuvaa uhusika au ni kundi la kuhuisha historia, kwa kuwa wanachama wake hawafuati kisa kilichotungwa, ila kila mmoja hujichagulia jina na maisha ya mtu ambaye angeweza kuishi kabla ya karne ya 17. Ubishi huo hauna haja ya kuamuliwa hapa, maana mchango mkubwa wa chama hiki kwa historia ya mgeni hauhusiani nao.

Mchango huo uko katika kanuni moja na kabati moja. Kanuni inasema kwamba kila anayehudhuria sharti afanye jitihada ya kuvaa mavazi ya kabla ya karne ya 17, na neno la kuzingatia hapo ni jitihada, kwa maana mgeni hadaiwi vazi sahihi, anadaiwa nia. Vazi ambalo wageni wengi huanza nalo ni joho lililokatwa kwa mfano wa herufi T, lenye mishono miwili ya ubavuni na tundu la kichwa, ambalo mtu asiyewahi kushika sindano anaweza kulimaliza kwa jioni moja. Na asiyeweza hata hilo hufunguliwa kabati, kwa kuwa matawi mengi ya chama hutunza akiba ya nguo za kuazimwa, iitwayo ufunguo wa dhahabu, chini ya ofisa maalumu ambaye kazi yake ni kumpokea mgeni, kumvisha, kumkalisha mezani na kumweleza nani ni nani. Kuwa na ofisa wa wageni kunaonekana jambo dogo mno la kuandikwa katika historia, lakini ni vigumu kueleza jinsi kundi la marafiki wa chuoni lilivyoweza kuishi zaidi ya nusu karne, waasisi wakizeeka na miji ikibadilika, bila kumtaja mtu huyo na kabati lake.

Chemchemi ya pili ilikuwa mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa vijitabu, karatasi, penseli na dadu ambao ndani yake kila mchezaji humsemea mhusika mmoja, naye msimulizi huwaeleza wachezaji wanachokiona na wanachokutana nacho mapangoni. Haikuchukua muda vijana wakachoka kusema kwamba wanachomoa upanga, wakataka kuuchomoa. Huko Maryland, karibu na Washington, kundi la Dagorhir lilianza vita vyake vya msituni mwaka 1977, na silaha iliyotumika humo ndiyo iliyovunja kizingiti cha fedha kwa kishindo: kipande cha bomba la plastiki, sponji ya kufunikia mabomba ya maji, na utepe mpana wa gundi uliozungushwa juu yake kuanzia mpini hadi ncha. Vifaa vyote vilipatikana katika duka la kawaida la vifaa vya ujenzi, kazi ilimalizika kabla ya chakula cha usiku, na upanga uliopatikana, mbaya kwa sura na mnene kama mchi, uliweza kumpiga mtu ubavuni kwa nguvu zote pasipo kumwachia zaidi ya alama nyekundu. Deraya ya duka la Pratt ilikuwa imepata mrithi wa bei ya senti.

Fedha ilipokoma kuwa kikwazo kikuu, kikaja kikwazo cha kanuni, na mahali kilipoonekana wazi zaidi ni Peckforton, katika mkoa wa Cheshire, Uingereza. Ngome ya Peckforton ilijengwa katika miaka ya 1840 na msanifu Anthony Salvin kwa ajili ya John Tollemache, mbunge na mwenye ardhi nyingi, katika wimbi lilelile la kuhusudu karne za kati lililokuwa limeleta mashindano ya Eglinton. Ina minara, lango zito na kuta nene, ingawa katika umri wake wote haikuwahi kupata adui. Mwaka 1982 ndani ya ngome hiyo ulianzishwa Treasure Trap, mchezo wa kulipia ambao wateja walifika kutoka pande zote za Uingereza kwa mwisho wa wiki, wakagawanywa katika vikundi vya wasafiri, kisha wakapelekwa kwenye vijia na vyumba vya chini kutafuta hazina, kutegua mafumbo na kupambana na viumbe waliowavizia gizani. Kanuni zilifuata mfano wa michezo ya mezani: mchezaji alichagua kuwa mpiganaji, kuhani, mchawi au mwizi, akapewa idadi fulani ya alama za uhai, yaani hesabu ya mapigo anayoweza kuyavumilia kabla ya kuhesabiwa amekufa, na kadiri alivyorudi akiwa hai ndivyo mhusika wake alivyopanda daraja na kupata uwezo mpya.

Kila kikundi cha wasafiri kilihitaji maadui, na maadui hao ilibidi wawe watu. Hapo ndipo mchezo wa Kiingereza ulipobuni nafasi ambayo, pengine bila kukusudiwa na yeyote, ilikuja kuwa shule bora ya wageni: nafasi ya kuwa zimwi. Zimwi katika maana hii ni mchezaji yeyote anayemwigiza adui au mpita njia kwa faida ya kikundi kingine, na katika vyama vilivyofuata baada ya Peckforton ilikuwa desturi kwamba anayetaka kutafuta hazina leo sharti awe tayari kuwa zimwi siku nyingine. Mgeni aliwekwa huko kwanza, kwa sababu zilizo wazi kwa yeyote aliyewahi kumfundisha mtu kazi. Zimwi halihitaji vazi lake lenyewe, kwa kuwa hupewa kinyago, kitambaa cha kujitanda na upanga wa sponji kutoka kwenye lundo la vifaa vya chama. Halihitaji kukariri kitabu cha kanuni, kwa kuwa mwamuzi humnong'oneza mambo matatu tu: una alama mbili za uhai, unalinda daraja, na usimpige mtu kichwani. Halihitaji hata ujasiri mkubwa, kwa sababu nyuma ya kinyago hakuna anayemtambua, na akikosea maneno hakuna wa kumlaumu, maana ni nani ajuaye zimwi husema vipi.

Kinachofuata kinaweza kuonekana katika msitu wowote wa Uingereza siku za Jumapili. Zimwi linajificha nyuma ya mti, linatoka likipiga kelele, linapokea pigo la kwanza begani na la pili pajani, linaanguka kwenye majani makavu, na kabla wasafiri hawajamaliza kupekua mifuko yake mwamuzi anainua mkono kuonyesha kwamba lililolala pale sasa si mzoga tena. Linaamka, linakimbia kwa njia ya mzunguko huku likihema, linabadilishiwa kinyago, na baada ya dakika kumi linakuwa jambazi, au mzee aliyepoteza mbuzi wake, au maiti iliyofufuka. Kwa mchana mmoja mgeni anakuwa amekufa mara nyingi kuliko mchezaji mzoefu atakavyokufa kwa miaka, na kwa kufa huko amejifunza namna ya kupima nguvu ya mkono ili pigo liguse lisiumize, namna ya kuhesabu mapigo aliyopata bila kudanganya, na, lililo kubwa kuliko yote, ameviona vikundi vitano au sita vya wazoefu kwa karibu, vikifanya kazi yao, kutoka mahali pekee ambapo mchezo huu unaweza kutazamwa. Kiti cha mtazamaji kilichokosekana kilipatikana upande wa adui.

Treasure Trap yenyewe ilifungwa baada ya miaka michache, lakini wateja wake walikuwa wamekwisha kutawanyika na ujuzi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Durham walianzisha chama chao mwaka 1983, wakakipa jina la mchezo uliowalea, na bado kipo. Wengine walihamia Chislehurst, kusini-mashariki mwa London, ambako mchezo wa Labyrinthe uliendeshwa ndani ya mahandaki ya kale ya kuchimbia chokaa yaliyokuwa kimbilio la maelfu ya raia wakati wa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Silaha nazo zilibadilika, utepe wa gundi ukaachwa, na mafundi wakaanza kuchonga sponji ngumu juu ya kiini cha nyuzi za kioo, kuipaka mpira wa majimaji tabaka baada ya tabaka, kisha kuitia rangi hadi ukaidhani chuma. Panga hizo ni nzuri kweli, lakini uzuri wake una kisa cha upande wa pili ambacho wauzaji hawakitangazi: kadiri wazoefu walivyopendeza, ndivyo mgeni mwenye bomba la plastiki alivyojiona kioja, na fedha, iliyokuwa imetolewa mlangoni, ikarudi kupitia dirishani.

Kulikuwa pia na ubaya ndani ya mfumo wa madaraja. Mhusika akiruhusiwa kukusanya nguvu mwaka hadi mwaka, basi aliyeanza mapema atakuwa mbele daima, na mgeni, hata akiwa hodari vipi, ataishia kubeba mizigo ya mashujaa ambao mchezo mzima unawazunguka wao. Malalamiko ya namna hiyo yaliandama karibu kila mchezo mkubwa wa Uingereza uliodumu zaidi ya miaka mitano. Empire, mchezo ulioanza mwaka 2013 na ambao hukusanya maelfu ya wachezaji chini ya mahema mara nne kwa mwaka, ulijaribu kuyajibu kwa mbinu mbili zinazofaa kuelezwa. Ya kwanza ni kwamba vita vyake vya Jumamosi na Jumapili hupangwa ili nusu ya mataifa kumi ya mchezo ipigane siku moja hali nusu nyingine inavaa uzimwi, na siku ya pili zamu hubadilishwa, kwa hiyo uzimwi si kazi ya wageni pekee, hata wakuu wa mataifa huvua mataji yao na kwenda kufa pamoja nao. Ya pili ni kwamba kila taifa lina mhusika maalumu anayehesabiwa kuwa roho ya taifa hilo, ambaye huchezwa na mmoja wa waandaaji na ambaye wajibu wake ni kuwapokea wageni, kuwauliza wanataka nini na kuwapeleka kwa watu wanaowahitaji. Yule ofisa wa kabati la nguo wa California ameingizwa hapa ndani ya kisa chenyewe, na hilo ni hatua, kwa sababu mgeni anaweza kuomba msaada bila kutoka katika uhusika.

Marekani, miaka mingi kabla ya Empire, mlango mwingine ulikuwa umefunguliwa mjini. Vampire: The Masquerade, mchezo wa mezani uliotolewa mwaka 1991 kuhusu wanyonya damu wanaoishi kwa siri kati ya watu, ulipata kanuni za kuchezwa kwa miguu mwaka 1993 kwa jina la Mind's Eye Theatre. Haukuhitaji msitu wala upanga. Ulihitaji chumba, nguo nyeusi ambazo kijana wa mjini alikuwa nazo tayari, na mikono ya kuchezea jiwe, karatasi na mkasi, mchezo wa watoto uliotumiwa kuamua mshindi wa kila pambano. Aliyekunja mikono kifuani alihesabiwa haonekani, na wengine walipaswa kumpita kana kwamba hayupo. Wengi walioingia kwa mlango huu, wakiwamo wanawake wengi kuliko ilivyokuwa katika vita vya msituni, hawakuwa na hamu yoyote ya kupigana. Walitaka fitina, na fitina mgeni anaweza kuianza usiku wa kwanza.

Nchi za Nordic, hasa Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilichukua njia yao, na hapo mjadala kuhusu mgeni ukawa mzito zaidi. Michezo ya huko ilikua haraka kwa kiasi fulani kwa sababu serikali hutoa ruzuku kwa vyama vya vijana, na shirikisho la michezo la Sweden, Sverok, lililoanzishwa mwaka 1988, liliwezesha vikundi vidogo vya vijijini kupata fedha za kukodi kambi na kununua vifaa. Mwaka 1994 mchezo wa Trenne byar uliwakusanya Sweden watu wapatao 1,000 katika vijiji vitatu vilivyojengwa kwa ajili yake. Wachezaji wa Nordic walizidharau alama za uhai na madaraja, wakataka kila kinachoonekana kiwe kile kinachodaiwa kuwa, nyumba iwe nyumba na supu iwe supu, bila saa ya mkononi wala chupa ya soda kuharibu sura. Kanuni zikapungua hadi karibu kwisha, na mtu angedhani kwamba mgeni angeshukuru. Kilichotokea ni kinyume chake, kwa kuwa kanuni zisizoandikwa ni ngumu kujifunza kuliko zilizoandikwa, na pasipokuwa na kitabu cha kusoma mgeni hakuwa na njia ya kujua kwamba amekosea ila kwa kutazamwa vibaya.

Tangu mwaka 1997 wachezaji wa nchi hizo nne hukutana kila mwaka katika kongamano liitwalo Knutepunkt, lililoanzia Oslo na ambalo huzunguka nchi hadi nchi, na humo ndimo mambo haya yalipojadiliwa kwa ukali wa kidini. Mwaka 1999 kundi la Wanorwe lilitoa tamko liitwalo Dogma 99, lenye amri kadhaa kwa watungaji wa michezo, na mbili kati ya hizo zinamgusa mgeni moja kwa moja: kwamba asiwepo mhusika ambaye kazi yake ni kuwasindikiza wengine tu, na kwamba siri zote zipigwe marufuku, ili yeyote atakaye aweze kusoma maandishi yote ya mchezo kabla haujaanza. Kwa mtazamo wa tamko hilo, zimwi la Kiingereza ni dhuluma, maana ni mtu aliyeitwa ili afe kwa starehe ya mwenzake. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini haielezi kwa nini mazimwi wengi wa Durham na Chislehurst walirudi tena kwa hiari yao, na inawezekana kwamba waandishi wa tamko, wote wakiwa wazoefu, walikuwa wamesahau raha ya kutotakiwa kubeba kisa kizima siku ya kwanza.

Jibu lililodumu zaidi kutoka Nordic halikuwa tamko, lilikuwa warsha. Mwaka 2003 Emma Wieslander wa Sweden na wenzake waliendesha Mellan himmel och hav, mchezo uliochota kutoka hadithi za Ursula K. Le Guin na uliohusu jamii yenye mpangilio mwingine kabisa wa jinsia na ndoa. Kwa kuwa hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kuishi katika jamii ya namna hiyo, wote walipitishwa kwanza katika mazoezi ya pamoja ya kusalimiana, kukaa, kuguswa mikono na kuongea kwa desturi hizo mpya. Kwa bahati, au kwa werevu, hali hiyo iliwafanya wote kuwa wanagenzi, yaani watu walio mwanzoni mwa kujifunza kazi, na tofauti kati ya mzoefu na mgeni ikapungua sana kabla mchezo haujaanza. Mbinu hiyo ikaenea kiasi kwamba katika michezo mingi ya leo warsha huchukua saa nzima au nusu siku, na huanza kwa maneno ya usalama, ambayo Wanorwe huyaita kutt na brems: la kwanza husimamisha kila kitu papo hapo, la pili humwambia mwenzako apunguze ukali bila kuukatiza mchezo. Waingereza wana neno lao la kutangaza kwamba aliyeanguka ameumia kweli, na Wamarekani wana lao. Popote pale ndilo la kwanza mgeni kufundishwa, kabla hata ya jina la mhusika wake.

Denmark ilikwenda mbali kuliko wengine kwa kuwaanzisha watu wakiwa wadogo. Huko vita vya panga za sponji katika misitu ya mjini ni burudani ya kawaida ya watoto, na mwaka 2006 ilifunguliwa katika mji wa Hobro shule ya bweni ya Østerskov Efterskole, ambayo hufundisha masomo ya kawaida kupitia michezo ya uhusika, hivi kwamba darasa linaweza kuwa bunge la Roma kwa wiki nzima na hesabu zikafanywa kwa ajili ya kulisha jeshi.

Mwezi Novemba 2014, waandaaji wa Denmark na Poland walikodi ngome ya Czocha iliyoko Poland wakaendesha College of Wizardry, mchezo wa shule ya uchawi ulioegemea mwanzoni ulimwengu wa Harry Potter na baadaye ukajitungia ulimwengu wake. Habari zake zilisambaa duniani kwa siku chache, na watu ambao hawakuwahi kusikia kuhusu michezo hii walitaka kuingia. Utungaji wake uliwafaa kwa namna ya pekee, kwa sababu kila mchezaji alikuwa mwanafunzi au mwalimu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepotea kwenye ngazi, asiyejua darasa liko wapi na anayewaogopa wakubwa wake hana cha kuigiza. Ujinga wa mgeni ulikuwa ndio uhusika wake. Lakini ngome hukodishwa, vitanda hulipiwa na ndege hulipiwa, na tiketi ya mchezo wa namna hiyo ni mamia ya euro, kiwango kinachomfungia nje kijana ambaye bomba la plastiki lilimkaribisha.

Katika miaka hiyohiyo njia iliyo kinyume ilikuwa ikijengwa Oslo, ambako kundi lililojiita Laivfabrikken liliandaa michezo mifupi ya saa chache, katika vyumba vya kawaida, bila mavazi maalumu, kwa kuwalenga hasa watu ambao hawajawahi kucheza. Maandishi ya michezo yao yalikusanywa mwaka 2013 katika kitabu Larps from the Factory, chenye michezo 23, kila mmoja ukiwa umeelezwa kwa utaratibu kama wa maelezo ya mapishi: wachezaji wangapi, meza na viti vipangwe vipi, warsha ichukue muda gani, wahusika wagawanywe kwa njia ipi, na baada ya mchezo watu waketi duara wakiulizana maswali gani. Aliyekusudiwa kukisoma si mchezaji pekee, bali pia mtu anayetaka kuandaa mchezo huku naye akiwa hajawahi kuhudhuria hata mmoja, na wapo walioanza kwa njia hiyo, wakiwa na chumba cha kuazima, karatasi za majina zilizobandikwa vifuani, na kitabu kimefunguliwa juu ya meza kwenye ukurasa wa warsha.